Pomboo Hachezi kwa Amri ya Nahodha

Tangu tarehe 14 Juni 2024, treni ya reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, bahari imesogea karibu na Kihonda, hapa Morogoro. Stesheni ya Morogoro iko upande huu wa mji. Anayepanda asubuhi hufika Dar es Salaam kabla ya saa mbili kwisha, akaenda bandarini, akapanda boti ya kwenda Unguja, na kabla jua halijazama akawa Kizimkazi, kusini mwa kisiwa, anaulizia bei ya kwenda kuwaona pomboo kesho yake alfajiri. Safari iliyokuwa ya wageni kutoka Ulaya na Marekani imeingia kwenye uwezo wa mwalimu, wa fundi wa kiwandani, wa kikundi cha kina mama waliochangishana mwaka mzima. Hilo ni jambo la kufurahia, na sitaandika hapa neno la kulipunguza. Ninachotaka kukipima ni kile hasa msafiri huyo anachokifuata. Hafuati samaki wala mchanga. Angeridhika na mchanga angeishia Bagamoyo. Anafuata mchezo: mnyama mkubwa wa porini, tena wa baharini, anayemsogelea binadamu bila kulazimishwa, anaruka, anajipindua, anatazama kwa jicho linaloonekana kuelewa. Hoja yangu ni kwamba mchezo huo upo kweli, ila hauwezi kuagizwa. Pomboo hucheza akiwa ameshiba, amepumzika na ana nafasi ya kuondoka. Mpango wowote wa utalii unaomnyang'anya kimoja kati ya hivyo vitatu unamuuzia mgeni mwendo wa mnyama anayekimbia, na mgeni anaurudisha nyumbani akiamini kuwa ameona furaha.

Nianze na upande wa mchezo wenyewe, kwa sababu wapo watu makini wanaodhani kwamba kusema mnyama anacheza ni kumvisha kanzu ya binadamu. Sikubaliani nao. Pomboo wameonekana katika bahari nyingi wakibeba jani la mwani kwa pua, wakalihamishia kwenye pezi, wakalitupa na kuachiana wao kwa wao. Hupuliza mapovu ya duara na kuyafuata yanavyopanda. Huja wenyewe mbele ya jahazi au meli, wakakaa kwenye wimbi linalosukumwa na omo, wakasafirishwa nalo bila kupiga mkia, kisha wakaliacha na kurudi walikotoka, jambo ambalo halielezeki kwa njaa wala kwa safari. Mtaalamu wa tabia za wanyama Gordon Burghardt, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu chimbuko la mchezo kwa wanyama, aliweka vigezo vitano vya kuutambua. Kimojawapo ndicho kinachobeba hoja hii yote: mchezo hutokea mnyama akiwa katika utulivu, hana njaa, si mgonjwa, hatishwi. Miongo kadhaa kabla yake, mwanahistoria Mholanzi Johan Huizinga alikuwa ameandika mwaka 1938 kuhusu mchezo wa binadamu na kufikia jambo linalokaribiana na hilo, kwamba mchezo ni tendo la hiari na ukiamrishwa unageuka kitu kingine. Watu wawili waliotoka kwenye taaluma zilizo mbali mbali walikutana mahali pamoja. Utulivu na hiari haviongezwi kwenye mchezo kama pambo. Vikiondoka, umeondoka wenyewe.

Sasa mtazame pomboo kwa mwili wake. Ule mdomo unaotufanya tuseme anatabasamu ni umbo la taya. Anakuwa nao akiwa mzima, akiwa na maumivu, na hata akiwa maiti ufukweni. Uso wake hauna misuli ya kutuonesha wasiwasi kama uso wa mbwa au wa mtoto unavyouonesha, na kwa hiyo macho yetu, ambayo yamezoea kusoma sura, yanadanganyika kwa urahisi. Usingizi wake nao ni wa namna yake. Hawezi kulala moja kwa moja, maana lazima apande juu kuvuta hewa, kwa hiyo nusu moja ya ubongo hupumzika nusu nyingine ikiwa macho, kisha hupokezana. Kundi linalopumzika huenda polepole, limesongamana, likizama na kuibuka kwa pamoja. Mtu asiyejua anaweza kulipita akasema hakuna kinachoendelea. Jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, humnyonyesha humo humo majini kwa vipindi vya sekunde chache chache, na inaweza kupita miaka mitatu au zaidi kabla hajazaa tena. Huyu si dagaa anayejazia pengo lake msimu mmoja. Saa ya mapumziko anayoipoteza na mnyonyo unaokatizwa vinatoka kwenye akiba ndogo.

Kizimkazi ni mahali pa kale. Msikiti wake wa Dimbani una maandishi ya Kikufi yanayoutaja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Katika siku za karibuni kijiji kimejulikana zaidi kwa kuwa ndiko alikozaliwa Rais Samia Suluhu Hassan, na kwa tamasha linalofanyika huko kila mwaka. Maji yaliyo mbele yake yamo ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ghuba ya Menai, lililotangazwa mwaka 1997 na lenye ukubwa wa kilomita za mraba 470. Humo wanaishi pomboo wa jamii mbili. Wa kwanza ni yule wa kijivu, ambaye kwa jina la kisayansi anaitwa Tursiops aduncus. Wa pili ana nundu mgongoni na ni mwoga zaidi, Sousa plumbea. Hawa si wapita njia. Watafiti waliowatambua mmoja mmoja kwa alama za mapezi yao walikadiria, kati ya mwaka 1999 na 2002, kwamba wale wa kwanza walikuwa kati ya 136 na 179, na wale wenye nundu kati ya 58 na 65. Ukiwajumlisha hawafiki hata idadi ya wanafunzi wa shule moja ya msingi hapa Kihonda. Utalii wa kuwatazama ulianza mwaka 1992, na kabla ya hapo, na hata kwa muda baada yake, wavuvi wa huko waliwachoma kwa chusa ili kupata chambo cha papa. Uwindaji huo ulikoma mwaka 1996. Nitalirudia jambo hilo, kwa kuwa limebeba hoja nzito kuliko zote zinazonipinga.

Utaratibu wa asubuhi unajulikana na kila aliyewahi kuhudumia wageni kule. Boti hutoka mapema, moja baada ya nyingine, na manahodha hutafuta mapezi. Wa kwanza kuyaona hawezi kuyaficha, kwa sababu wenzake wanamtazama yeye kama wanavyotazama maji. Muda si mrefu boti kadhaa zimelizunguka kundi moja. Kila nahodha ana wageni waliolipa na wanaotaka kuingia majini, basi huongeza mwendo, hulipita kundi, huzima mashine mbele yake na kusema "ruka, ruka!" Wageni hujitupa njiani mwa pomboo. Pomboo huzama, huibukia mbali, na boti huwafuata tena. Simlaumu nahodha peke yake. Ameajiriwa na matarajio ya mteja, na mteja ametengenezewa matarajio hayo na picha za matangazo. Lakini tukio hilo likitazamwa kwa vigezo nilivyovitaja, utulivu haumo na hiari imebanwa. Kilichobaki ni wepesi wa mnyama.

Hapa ushahidi unakuwa wa moja kwa moja, kwa kuwa Kizimkazi ni miongoni mwa sehemu za Afrika zilizochunguzwa kwa karibu zaidi kuhusu jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia majike wa jamii ile ya kwanza na kuangalia wanavyoenda boti na waogeleaji wanapoongezeka. Mwendo wao ulipoteza mwelekeo. Walikwenda huku na huku badala ya kushika njia. Mbizi za nguvu ziliongezeka, zile ambazo mkia hutoka nje ya maji au mwili mzima huchupa juu ya uso wa bahari. Utafiti mwingine wa mwaka 2010, katika maji hayo hayo, ulionesha kwamba mbele ya boti za watalii kundi lililokuwa linapumzika au kuchangamana lilikuwa na uwezekano mdogo wa kuendelea hivyo, na uwezekano mkubwa wa kuanza kusafiri. Msomaji ayaweke matokeo haya mawili pamoja. Kuchangamana, kule kugusana na kufukuzana ambako ndani yake mchezo huzaliwa, kunakatika boti ikifika. Kuchupa kunaongezeka. Na mgeni aliyeshika simu juu ya boti anapiga picha ya nini? Ya kuchupa. Mkia uliosimama dhidi ya anga ndiyo picha anayoitamani kila mtu, nayo kwa sehemu yake ni dalili ya kusumbuliwa. Sisemi kwamba kila mruko ni wa hofu. Pomboo wanaruka kwa sababu nyingi, raha ikiwemo. Nasema kwamba kadiri boti zinavyozidi ndivyo mruko unavyopungua thamani kama ushahidi wa furaha, na mtazamaji aliye ndani ya boti ndiye mwenye nafasi mbaya kuliko wote ya kutofautisha.

Atakuja mtu aseme: bahari haina ukuta. Pomboo anayeudhika si angeondoka? Kama anabaki, amekubali. Hoja hii inasikika vizuri, na kwa muda mrefu hata wataalamu waliitegemea, wakisema wanyama huzoea. Iliyoitikisa ni kazi iliyofanyika Shark Bay, magharibi mwa Australia, kwa pomboo walio ndugu wa karibu wa hawa wa Menai. Mwaka 2006 Lars Bejder na wenzake walichapisha ulinganisho wa sehemu mbili za ghuba ile, moja yenye boti za utalii na nyingine isiyo nazo. Kampuni ya boti ilipokuwa moja, idadi ya pomboo haikubadilika sana. Zilipokuwa mbili, pomboo walipungua katika sehemu ile kwa takriban mmoja kati ya saba, huku kule kusikokuwa na boti hakukuonekana upungufu wa namna hiyo. Maana yake ni nzito. Waliobaki karibu na boti walionekana wamezoea kwa sababu wasiovumilia walikuwa wameshahama. Anayewahesabu waliobaki na kusema wametulia anawasahau walioondoka, ambao hawamo tena mbele ya macho yake. Mamlaka ya Australia ilipunguza leseni kutoka mbili hadi moja, ingawa ghuba ile ina pomboo wengi na ingeweza kudai kuwa inao wa kutosha. Menai haina akiba hiyo. Tena kuondoka si bure. Mnyama aliyekulia mahali, anayejua mwamba upi una samaki maji yakikupwa na wapi papa hawafiki, akihama anaacha elimu ya maisha yake yote. Kubaki kwake kunaweza kuwa na maana ile ile ya mpangaji anayevumilia kelele za jirani kwa kuwa hana pa kuhamia.

Mwingine ataleta hoja ya omo: ikiwa pomboo huja wenyewe kucheza kwenye wimbi la chombo, chombo chenyewe hakiwezi kuwa adui. Nakubali, na jambo hili linanisaidia kuliko linavyonipinga. Chombo anachokichezea pomboo ni kile kinachokwenda kwa mwendo wa namna moja na kwa njia iliyonyooka. Anajua kitakuwa wapi sekunde kumi zijazo. Anaingia kwenye wimbi akitaka na kutoka akitaka, na kikimchosha kinampita. Boti inayomkata njia, inayozima na kuwasha mashine, inayogeuka kila anapogeuka, inamwondolea yote hayo. Kinachobadilika ni nani mwenye uamuzi. Nahodha aliyekomaa anaijua tofauti hii bila kufundishwa na chuo: ukishika njia yako polepole, ukaliacha kundi lije ubavuni, pengine litakuja na pengine halitakuja. Likija, wageni wameona mchezo. Lisipokuja, wameona pomboo wakienda zao, jambo ambalo lenyewe si dogo.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya riziki. Pomboo wa Kizimkazi waliokolewa na macho ya wageni. Kabla mgeni hajaja, thamani ya pomboo ilikuwa nyama yake kama chambo. Alipokuja, pomboo hai akawa na faida kuliko aliyekufa, na chusa likawekwa chini. Mtu wa bara anayetoa mafunzo kuhusu adabu ya boti anapaswa kukumbuka kwamba hakuwepo wakati wavuvi wale walipofanya uamuzi huo, na kwamba nahodha wa leo ana ada za shule za kulipa kama baba yeyote wa Kihonda. Zaidi ya hapo, anayetaka kusema ukweli atakiri kuwa boti za watalii si muuaji mkuu. Majarife yanayotegwa usiku kwa ajili ya jodari na papa hunasa pomboo ambao hakuna aliyewakusudia. Uchunguzi wa Omar Amir na wenzake, akiwemo Narriman Jiddawi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Unguja, ulionesha kwamba idadi wanayonaswa ni kubwa kuliko makundi madogo kama haya yanavyoweza kuhimili. Basi kwa nini nishikilie boti, ilhali nyavu ndizo zinazoua?

Ninashikilia kwa sababu madhara hayo mawili yanamkuta mnyama yule yule. Jike aliyenyimwa mapumziko mchana ndiye anayekutana na jarife usiku, na kundi linalopoteza wachache kila mwaka kwa nyavu linahitaji kila mtoto anyonye vizuri ili lizibe pengo. Idadi ndogo haina uvumilivu. Mwezi Aprili 2006 pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa katika fukwe za Nungwi, kaskazini mwa kisiwa, kwa wakati mmoja, idadi inayozidi pomboo wote waliokadiriwa Menai. Mikasa ya bahari ipo, na haisubiri tumalize kupanga. Kuhusu nyavu zipo njia zilizoshajaribiwa. Vifaa vidogo vya kutoa sauti, vinavyofungwa kwenye wavu ili pomboo asikie mapema, vilifanyiwa majaribio huko huko Unguja na vikapunguza kunaswa, lakini vinataka fedha na betri, na mvuvi wa ngalawa hana pa kuzitoa. Hapo ndipo riziki na hifadhi zinapokutana kwa namna ninayoiona kuwa ya haki: sehemu ya ada anayolipa mgeni igharamie vifaa hivyo. Na kuhusu hofu kwamba boti zikienda polepole wageni watatoweka na chusa litarudi, naona imeigeuza hesabu. Chusa liliwekwa chini kwa sababu pomboo hai ana faida. Biashara inayowafukuza walio waoga, inayopunguza watoto na kubaki na wachache wagumu, inakula mtaji wa ile ile sababu iliyomwokoa mnyama.

Kuna lawama moja ya mwisho, na inatoka kwetu sisi wa bara. Miaka yote wageni wa ng'ambo walipojirusha juu ya pomboo hakuna aliyesema kitu. Leo Mtanzania wa kawaida ameweza kufika, ndipo masharti yanatangazwa. Uchungu huo nauelewa, na sidhani ni wa kupuuzwa. Lakini masharti hayakusubiri tufike: miongozo ya kukaribia pomboo iliandikwa na watafiti kwa kushirikiana na wanavijiji tangu zamani, kilichokosekana ni usimamizi. Na mtu wa Morogoro ana sababu ya kuwa mgeni bora kuliko wengi. Barabara ya kwenda Iringa inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa umbali wa takriban kilomita 50. Kila dereva wa basi na wa lori anayepita pale anajua kuna kikomo cha mwendo, kuna matuta, kuna mabango yanayotaja faini kwa kila aina ya mnyama atakayegongwa. Hakuna abiria wa Kihonda anayetarajia basi limkate njia tembo mwenye ndama ili ashuke akamguse. Tukiulizana kwa nini, jibu la kweli halitupi sifa sana: tembo anaua. Tunampa nafasi kwa kumwogopa. Pomboo haonekani kutisha, hana pembe wala ngurumo, na uso wake unaonekana kutukaribisha daima. Kwake yeye nafasi haiwezi kutoka kwenye hofu. Lazima itoke kwenye uamuzi wetu, na ndiyo maana naiona kuwa kipimo kikali zaidi cha adabu ya msafiri kuliko Mikumi.

Wala haifai kufikiri kwamba uhusiano wetu na maji yale unaanzia kwenye tiketi ya treni. Mito ya Uluguru inakusanywa na Ruvu, na Ngerengere, unaopita pembezoni mwa mji wetu baada ya bwawa la Mindu, nao unaingia humo humo. Ruvu hunywesha Dar es Salaam, kisha huingia baharini kaskazini kidogo ya Bagamoyo, kwenye mkondo unaotenganisha bara na Unguja. Pomboo mwenye nundu, ambaye orodha ya kimataifa inamtaja kuwa katika hatari ya kutoweka, hupenda maji ya kina kifupi ya kandokando ya pwani, yakiwemo ya midomo ya mito na ya karibu na mikoko. Udongo unaomomonyoka kwenye miteremko iliyofyekwa kule juu Uluguru, na uchafu wa mji unaotupwa Ngerengere, vinaelekea pwani hiyo. Sidai kwamba tope la Ruvu linafika Kizimkazi. Ghuba ya Menai iko mbali, ng'ambo ya mkondo. Nadai tu kwamba wa bara asijione mtazamaji asiyehusika. Mkondo ule ni makazi ya wanyama hawa pande zote mbili, na upande wetu tunauathiri kila siku bila kupanda boti.

Mataifa mengine yaliyotegemea biashara kama hii yameshafika kwenye uamuzi. New Zealand ilipiga marufuku mwaka 2019 kuogelea na pomboo katika Bay of Islands, baada ya idadi yao katika ghuba ile kuporomoka. Marekani mwaka 2021 ilikataza kuwakaribia pomboo wa Hawaii wanaopumzika mchana kwa umbali wa chini ya mita 45 hivi, iwe kwa kuogelea au kwa chombo. Sishauri tunakili sheria hizo neno kwa neno, maana watu wa kule wana vyombo vya doria na wana njia nyingine za kula. Kwa Menai ningeanza na machache yanayoweza kusimamiwa na kijiji chenyewe: boti mbili tu kwa kundi moja, na nyingine zisubiri mbali, kukaribia kutoka ubavuni, kamwe si kutoka mbele, kundi lenye watoto lisiingiliwe na muogeleaji, sehemu moja ya ghuba iachwe kabisa bila boti, ili mnyama awe na mahali ambapo hiari yake haijadiliwi. Boti zikisubiri zamu, zitatumia mafuta kidogo, na hilo nahodha hatalikataa.

Lakini yote hayo yanasimama au yanaanguka kwa namna malipo yanavyopangwa, na hapa msafiri ana sauti kuliko kamati yoyote. Siku hizi makubaliano mengi yanafanyika yakiwa na ahadi ndani yake, ya kusemwa au ya kimya, kwamba pomboo wataonekana na wageni wataingia nao majini. Ahadi hiyo ndiyo inayomfanya nahodha afukuze. Kikundi kinachotoka Kihonda, kabla ya kutoa hela, kinaweza kumwambia nahodha waziwazi: tutakulipa kiasi kile kile hata tusipowaona, usimkate njia mnyama yeyote kwa ajili yetu, na tukikuta boti mbili zimeshafika tutakaa pembeni. Maneno hayo hayahitaji sheria mpya wala mkaguzi. Yanamwondolea nahodha sababu ya kukimbizana na wenzake, na wakisema hivyo wateja wa kutosha, mwenye boti inayokwenda polepole hatakuwa tena ndiye anayepoteza soko. Kuna asubuhi ambazo kikundi hicho kitarudi bila kuona hata pezi, baada ya treni, boti na usiku wa kulipia kitanda. Gharama hiyo ni halisi, na naona inafaa iingizwe kwenye bajeti ya safari tangu mwanzo, pamoja na nauli.